Jina la Chuo au Ufadhili: Nasaha kwa Wahitimu wa Kidato cha Sita, Wazazi na Jamaa

(Mhadhara uliotolewa kwa waumini baada ya swala ya Ijumaa, Buzuruga, Mwanza)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Kiyama. Amma baad.



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wetu na wazazi wao huja msikitini na barua mikononi. Barua moja yatoka chuo kikuu chenye jina kubwa, ambacho kikitajwa barazani watu hutikisa vichwa kwa heshima. Barua ya pili yatoka chuo ambacho majirani hawajakisikia, lakini ndani yake mna ufadhili: ada imelipwa, malazi yamelipwa, na pengine chakula. Swali lao huwa moja: Masheikh, tushike ipi?

Tumeona vyema tulijibu swali hili hadharani, kwa sababu muda wa kuamua ni mfupi. Kama mnavyojua, anayepata udahili katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kuthibitisha chuo kimoja tu, na siku za kuthibitisha huhesabika. Aidha, mara nyingi majina ya waliopata mkopo wa Serikali hutoka baada ya siku hizo kupita. Hivyo familia huamua kabla ya kujua itapata msaada gani. Asiyejiandaa huamua kwa pupa, na pupa haijawahi kuwa mshauri mwema.

Tuanze na kisa kilichotokea katika jamaa yetu hii. Wahusika hatutawataja, kwani lengo letu ni mazingatio na wala si kumwaibisha mtu. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni fundi seremala na mama yake huchukua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwauza rejareja, alipata nafasi mbili za kusomea ualimu. Moja ilikuwa na ufadhili kamili. Nyingine ilikuwa katika chuo mashuhuri, bila ya msaada wowote wa uhakika. Wenzake walimcheka kwa ile ya kwanza. Naye akaona haya, akaichagua ya pili. Baba yake aliuza kiwanja chake cha Kishiri, mwaka wa kwanza ukalipwa. Mwaka wa pili haukumalizika. Kijana akarudi nyumbani bila ya shahada, na baba hana tena kiwanja. Mwenzake aliyeikubali nafasi kama ile aliyoikataa yeye, leo ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari, na ndiye anayewalipia ada wadogo zake wawili.

Ndugu Waislamu, kilichompoteza kijana yule si chuo, bali ni haya mbele ya watu. Alichagua kwa ajili ya macho ya wenzake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali zote huhesabiwa kwa nia, na kutafuta elimu ni katika amali zilizo kubwa. Basi swali la kwanza la kujiuliza si chuo gani kina jina, bali ni hili: elimu hii twaitafuta kwa ajili ya nani?

Katika historia yetu lipo funzo kubwa juu ya jambo hili. Imamu Abu Hamid al-Ghazali aliteuliwa mwaka 1091 kufundisha katika Madrasa Nizamiyya ya Baghdad, ambayo zama zile haikuwa na mfano kwa umaarufu. Kila mwanachuoni aliitamani nafasi ile. Alipoichunguza nafsi yake, akaona kwamba nia yake katika kufundisha ilikuwa imechanganyika na kutafuta cheo na sifa, na mwaka 1095 akaiacha, akaondoka Baghdad. Hatusemi kwamba kila mwenye nafasi katika chuo kikubwa aiache. Tunasema kwamba Imamu yule aliipima nafasi kubwa kuliko zote kwa mizani ya nia, nasi tunapaswa kuzipima nafasi zetu kwa mizani hiyo hiyo.

Hata hivyo, Uislamu ni dini ya uadilifu, na uadilifu watutaka tuseme kheri iliyomo katika kila upande. Chuo chenye jina mara nyingi kina maktaba kubwa, maabara, walimu wengi wenye uzoefu, na wahitimu waliotangulia ambao humshika mkono anayekuja nyuma. Hayo ni mambo ya kweli na hayadharauliwi. Lakini tukumbuke kwamba jina la chuo hutengenezwa na watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo kila mzazi anakitamani, kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mombasa nako, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ilianza kufundisha ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango ya Waislamu na wahisani wao. Tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Basi tusiwacheke wanaoingia leo katika chuo kichanga. Huenda wao ndio watakaokipa jina.

Vyuo vya namna hiyo vipo karibu nasi. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianza kufundisha mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO ambayo Serikali ya awamu ya tatu iliwapatia Waislamu. Zanzibar, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianzishwa mwaka 1998. Jirani zetu wa Uganda wanacho Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80, kufuatia uamuzi wa mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Kwa mtu wa Buzuruga anayepanda basi la njia ya Musoma na Sirari, Mbale si mbali kuliko Dar es Salaam. Wala tusiwasahau wanaoweza kusoma huku wakilala kwao. Hapa Mwanza vipo vyuo, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humfuata mwanafunzi alipo.

Jambo la pili la kupimwa ni deni. Sote tunajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiuliza, anapoletewa jeneza, iwapo maiti ameacha deni. Deni si haramu. Bali katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (s.w.) ameturuhusu kukopeshana na akatuamrisha kuandika. Lakini deni ni mzigo, na lenye riba ni mzigo na ni dhambi, kama zilivyobainisha aya zinazotangulia hiyo katika sura hiyo hiyo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na imewasomesha watoto wengi wa maskini ambao bila ya mkopo wasingeona mlango wa chuo. Hilo tunalikiri. Kwa miaka kadhaa mikopo ile ilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani, na Waislamu wengi walikosa utulivu wa moyo kwa sababu, kwa maoni yetu, tozo ile ilikuwa na sura ya riba. Tarehe 1 Mei 2021, hapa hapa Mwanza, katika sherehe za Mei Mosi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Tunamshukuru Allah (s.w.) kwa wepesi huo. Lakini bado kila anayesaini ausome mkataba wake mstari kwa mstari, na asipoelewa aulize kabla ya kutia saini. Aidha ajue kwamba kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa mwenye mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Anayeanza kazi, kuoa na kuwatazama wazazi kwa mshahara uliopunguzwa hivyo, ni wajibu ajue mapema.

Ni kwa sababu hiyo tunasema kwamba ufadhili usio na deni ni neema kubwa. Mwenye kuupata huhitimu akiwa huru. Anaweza kukubali kazi ya mshahara mdogo yenye manufaa kwa Waislamu, na anaweza kuwasaidia wazazi mara moja.

Lakini si kila kinachoitwa ufadhili ni neema. Wapo waliopanda ndege kwa furaha na wakarudi kwa majuto. Kabla ya kuupokea ufadhili wowote, mzazi na kijana waulize mambo yafuatayo:

Kwanza, je, chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa? Kwa vyuo vya ndani, TCU hutoa orodha. Kwa vyuo vya nje, TCU ndiyo inayoitambua na kuilinganisha shahada. Kwa udaktari, uhandisi na uanasheria, mabaraza na bodi za taaluma hizo nazo zina masharti yake.

Pili, je, ufadhili unalipia nini hasa? Ada peke yake si ufadhili kamili. Iko nauli, viza, bima, vitabu, chakula, na safari ya kurudi.

Tatu, je, ni wa miaka mingapi, na huondoshwa kwa sababu gani? Ufadhili wa mwaka mmoja katika kozi ya miaka minne ni mlango wenye ukuta nyuma yake.

Nne, je, una masharti gani? Wapo wanaotaka utumishi wa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Hilo si baya, maadamu umelijua na umeliridhia.

Tano, je, kijana ataweza kushika dini yake? Je, binti ataachiwa hijabu yake, na swala itapata nafasi?

Sita, je, mahali hapo pana amani? Hakuna aliyeijua ghaibu. Khartoum kwa miaka mingi ilipokea vijana wetu kwa ufadhili, hususan katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, na wengi wamerudi na kheri nyingi. Kisha vita vikazuka Aprili 2023, na Serikali yetu ikalazimika kuwarejesha nyumbani wanafunzi wa Kitanzania. Hiyo ni qadari ya Allah (s.w.), wala haimlaumu aliyekwenda. Lakini ni funzo kwamba mzazi awe na akiba ya mpango wa pili.

Baada ya kuyapima hayo, kanuni yetu ni hii. Iwapo kozi ni moja, na vyuo vyote viwili vinatambuliwa, basi chagua kile kitakachokutoa bila ya deni, hata kama jina lake halijulikani barazani. Shahada ya ualimu ni shahada ya ualimu. Mwanafunzi wa darasa lako atakuhukumu kwa ufundishaji wako, na Allah (s.w.) atakuhukumu kwa nia yako. Asiyeikubali kanuni hii kwa sababu ya kuona haya, na akumbuke kiwanja cha Kishiri.

Lakini iwapo kozi ni mbili tofauti, jambo hugeuka, na hapa ndipo tunapotaka mtusikilize kwa makini.

Wiki hii tumejiwa na baba mmoja wa mtaani kwetu akiwa na bahasha ya kaki. Binti yake amehitimu mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na amefaulu vizuri sana. Amepata udahili wa kusomea udaktari wa tiba katika chuo kikuu mashuhuri. Wakati huo huo taasisi moja ya Kiislamu imemwahidi ufadhili kamili akasome ualimu. Tangu utotoni binti huyu ametamani kuwatibu wanawake. Baba yake ana uwezo wa kumlisha, hana uwezo wa kumlipia. Ameomba mkopo wa Serikali, lakini hajui atapewa kiasi gani, na siku za kuthibitisha zimekaribia. Baba alitaraji tumwambie aushike ufadhili, ashukuru, na jambo liishe.

Tulikaa kimya kitambo. Ualimu ni kazi ya Mitume, na hatuna neno la kuudunisha. Lakini tulijiuliza: wake zetu na mabinti zetu wanapokwenda Bugando au Sekou Toure kujifungua, je, hatutamani wapokewe na daktari mwanamke? Wanazuoni wametufundisha kwamba elimu ambayo jamii haiwezi kusimama bila ya hiyo, na utabibu ni mojawapo, ni fardhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi, wengine husalimika. Isipotekelezwa, wote huwa na dhima. Basi Allah (s.w.) amemleta mbele yetu binti mwenye kipaji, mwenye nia na mwenye nafasi. Tukimwambia aiache kwa kukosa fedha, je, aliyeshindwa ni yeye au ni sisi?

Ndugu zetu, tulidhani mhadhara huu ni wa vijana. Kumbe ni wetu sisi wenye mifuko.

Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf alikuwa kijana maskini wa Kufa, na mzazi wake alimtoa katika darasa la Imamu Abu Hanifa ili akatafute riziki. Imamu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipomkosa kijana yule aliuliza habari zake, na alipoijua sababu akawa anampa fedha kila zilipomwishia, bila ya kungoja aombwe. Kijana yule ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika utawala wa Harun al-Rashid. Mtazame mfadhili wake alikuwa nani. Hakuwa khalifa wala shirika la nje. Alikuwa mwenye duka.

Nasi tunao wenye maduka hapa Buzuruga. Tunao wenye mabasi, wenye mitumbwi, wenye mashine za kusaga. Tunazo harusi ambazo kadi zake za michango hupita hapa msikitini kila mwezi, na tunalipa. Tunazo karamu za arobaini ambazo hazina asili katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), na sufuria hujaa. Tukijaalia kwamba watu 200 katika jamaa hii watatoa shilingi 1,000 tu kila wiki, kwa mwaka mmoja wa wiki 52 zitapatikana shilingi milioni 10 na laki 4. Hakuna miongoni mwetu atakayelala na njaa kwa shilingi 1,000.

Na tusiishie kwenye michango, kwani michango huchoka. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza aizuie mali yenyewe na ayatoe sadaka matunda yake. Huo ndio waqfu. Fremu tatu za maduka zilizowekwa waqfu, zenye wadhamini waliosajiliwa RITA na hesabu zinazosomwa hadharani, zitasomesha watoto ambao wajukuu wetu hawajawazaa bado. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu nayo imetuonyesha njia kwa ufadhili wake kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, ulioanza katika miaka ya 1980. Mwanafunzi hupewa mkopo mwema usio na riba, na akishaanza kazi hurejesha katika mfuko wa jamii yake ili asome mwingine. Fedha moja husomesha wawili, watatu, wanne. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chetu.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Jamaa hii imdhamini binti yule kwa sehemu itakayobaki baada ya mkopo, kwa miaka yote mitano ya masomo yake, kwa njia ya mkopo mwema ulioandikwa na kushuhudiwa. Akihitimu, Insha Allah, atarejesha kidogo kidogo, na fedha zile zitamsomesha mwenzake. Na ule ufadhili wa ualimu usipotee. Taasisi iliyoutoa iombwe, kama itaridhia, impe kijana mwingine wa mtaa huu anayetaka ualimu na asiye na uwezo.

Vijana wetu, nanyi tunawausia. Swalini istikhara kama alivyoifundisha Mtume (s.a.w.), na baada ya hapo washaurini wazazi na walimu wenu, kwani istikhara haiondoi ushauri. Chochote mtakachokichagua, kichagueni bila ya kuona haya. Msiwacheke wenzenu kwa vyuo vyao. Maneno ya kibarazani hayalipi ada.

Wazazi, msiuze kiwanja kwa ajili ya jina. Kama ni lazima kuuza, uzeni kwa ajili ya elimu isiyopatikana kwa njia nyingine, na mfanye hivyo baada ya kuhesabu miaka yote, si mwaka wa kwanza peke yake.

Baba wa binti yule yumo humu ndani ya msikiti. Hatutamwonyesha kwa kidole. Tumemwahidi kumpa jawabu baada ya Isha siku ya Jumapili, kabla ya dirisha la kuthibitisha kufungwa. Daftari liko kwa katibu wa msikiti, na kurasa zake bado ni nyeupe. Jawabu tutakalompa ni lile mtakaloliandika nyinyi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awalipe wazazi kwa jasho lao, aitakase mali yetu na azitakase nia zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.